Norma Hakurudi Jukwaani: Kisa cha Maria Callas, Roma 1958

Usiku wa tarehe 2 Januari 1958, ndani ya Jumba la Opera la Roma, mapumziko yalikwisha na watu wakarudi vitini. Pazia halikufunguka. Rais wa Italia, Giovanni Gronchi, alikuwamo ukumbini pamoja na mkewe. Ulikuwa usiku wa kufungua msimu, usiku wa watu kuvaa vya kuvaa, na redio ya taifa ilikuwa ikirusha onyesho moja kwa moja nchi nzima. Watu wakangoja, wakangoja tena. Mwishowe likatoka tangazo kwamba onyesho limesitishwa. Maria Callas, mwimbaji aliyekuwa akiimba jukumu kuu katika opera ya Norma, hakuweza kuendelea, na nyuma ya pazia hapakuwa na mtu wa kuingia badala yake.

Kisa hiki kimezoeleka kusimuliwa kwa maneno matatu: Callas alimkimbia Rais. Kimewekwa katika kapu moja na visa vyote vya waimbaji wenye madeko, kana kwamba mwanamke yule alijitazama kwenye kioo chumbani mwake, akaamua hajisikii, akavua vazi la Norma na kwenda zake kulala. Mimi nakiona tofauti. Nikikifuata siku baada ya siku, tatizo halianzii kwenye koo la Callas. Linaanzia kwenye nafasi moja tupu katika ratiba ya jumba la opera, pale palipotakiwa kuandikwa jina la mwimbaji wa akiba. Na cha ajabu zaidi, mtu aliyeijua thamani ya nafasi hiyo kuliko wote mle ndani alikuwa Callas mwenyewe, kwa sababu ndiyo iliyompa kazi.

Alikotoka

Callas alikuwa Mgiriki aliyezaliwa ugenini. Wazazi wake walihamia New York mwaka 1923, naye akazaliwa hukohuko tarehe 2 Desemba mwaka huo. Jina la ukoo lilikuwa Kalogeropoulos. Baba yake, mfamasia, alilifupisha ili Wamarekani waweze kulitamka. Mwaka 1937, ndoa ikiwa imekwisha chakaa, mama alirudi Athens na kumchukua Maria, binti wa miaka 13 mwenye mwili mkubwa na macho yasiyoona mbali.

Mlango wa kwanza alioubisha mama yake, wa Chuo cha Muziki cha Athens, ulifungwa. Mkurugenzi alisema msichana hajui nadharia ya muziki. Akapokelewa katika Chuo cha Taifa cha Muziki na mwalimu Maria Trivella, aliyekubali kumfundisha bila ada. Miaka miwili baadaye akaimba mbele ya Elvira de Hidalgo, na hapo mambo yakabadilika.

De Hidalgo anastahili sentensi zaidi ya mbili. Alikuwa Mhispania, soprano (mwimbaji wa sauti ya juu ya kike) wa mwanzo wa karne hasa: alianza jukwaani Naples mwaka 1908 akiwa na miaka 16, na mwaka 1910 alikuwa akiimba jukumu la Rosina katika Metropolitan, jumba la opera la New York. Kufikia miaka ya 1930 alikuwa mwalimu Athens, amebeba ufundi ambao Italia yenyewe ilikuwa imeanza kuusahau: sauti inayoweza kutetema, kukimbia na kupanda ngazi ndogondogo bila kupoteza uzito wake. Aliposikia sauti ya Callas alisikia mafuriko yasiyo na kingo. Akaamua kujenga kingo. Msichana alikuwa akifika saa nne asubuhi kwa somo lake, na badala ya kuondoka likiisha, alikaa mpaka jioni akisikiliza masomo ya wenzake, wa sauti nyepesi, wa sauti nzito, wanaume kwa wanawake. Alieleza baadaye kwamba hata mwanafunzi dhaifu kuliko wote anaweza kukuonyesha jambo ambalo wewe mwenye kipaji hukuliwaza.

Kisha vita. Wajerumani waliingia Athens Aprili 1941, na majira ya baridi yaliyofuata njaa iliua makumi ya maelfu ya watu mjini humo. Katika mji huohuo, Agosti 1942, Callas aliimba opera ya Tosca akiwa na miaka 18. Agosti 1944 akaimba Leonore wa opera ya Fidelio katika ukumbi wa wazi wa Herodes Atticus, chini ya Akropoli. Alipoondoka Ugiriki mwaka 1945 alikuwa amekwisha panda jukwaani mara 56 katika opera saba. Watu wanaodhani alianguliwa na Italia hawajapiga hesabu hiyo.

Mafua ya mwenzake

Italia ilimpokea Agosti 1947, Verona, katika opera ya La Gioconda, chini ya mwongoza okestra Tullio Serafin. Kazi zikaja, lakini zilikuwa za aina moja: majukumu mazito, sauti kubwa, opera za Wagner, mtunzi wa Kijerumani, na wenzake. Januari 1949 alikuwa Venice, katika jumba la La Fenice, akiimba Brünnhilde, binti wa vita wa Wagner. Katika jumba hilohilo Margherita Carosio alikuwa amepangiwa kuimba Elvira katika I puritani, opera ya mtunzi wa Kiitaliano Bellini, jukumu la sauti nyepesi, la kurukaruka juu kama ndege. Carosio akaugua mafua. Mbadala akatafutwa, hakupatikana.

Serafin akamwambia Callas: utaimba Elvira, una siku sita. Callas akamjibu kwamba hajui jukumu hilo, na bado anadaiwa Brünnhilde mara tatu. Serafin akasema anamhakikishia kwamba ataweza.

Kwa msomaji asiyefuata opera, niliweke hivi. Ni kama beki wa kati aambiwe wiki ijayo unadaka, na katikati ya wiki uendelee kucheza mechi zako za beki. Sauti inayombeba Brünnhilde juu ya okestra ya Wagner haitarajiwi kucheza na vinoti vya Elvira. Tarehe 19 Januari Callas akaimba, na wanamuziki wa Italia wakagundua kwamba ile njia ya kale ya kuimba, ambayo walidhani imekufa na bibi zao, ilikuwa hai kooni mwa Mgiriki wa miaka 25. Mwaka uliofuata, Aprili 1950, La Scala, jumba la opera la Milano, nalo likamwita kwa mara ya kwanza, kuimba Aida, kwa sababu soprano Renata Tebaldi alikuwa hajisikii vizuri.

Kwa hiyo milango miwili mikubwa ya maisha yake ilifunguliwa na maradhi ya wanawake wengine. Opera inaishi hivyo. Koo si chombo cha chuma. Jumba lenye akili halijiulizi kama mwimbaji ataugua. Linajiuliza ni lini, na siku hiyo nani ataingia.

Jukumu lenyewe

Norma ya Bellini ilionyeshwa mara ya kwanza La Scala tarehe 26 Desemba 1831. Norma ni kuhani mkuu wa Wagalia, watu waliokuwa chini ya utawala wa Roma, naye amezaa kwa siri watoto wawili na liwali wa Kirumi anayewatawala. Liwali amempenda kuhani mdogo. Mengine yote yanafuata hapo, hadi kwenye moto.

Anapoingia tu anatakiwa kuwanyamazisha wapiganaji wanaotaka vita, kisha aimbe Casta Diva, dua kwa mwezi. Hapo ndipo wengi hufa. Wimbo ni wa polepole, mistari ni mirefu, na pumzi moja inapaswa kubeba kile ambacho wengine wangekikata mara tatu. Katikati, sauti inagonga noti ileile ya juu tena na tena, kila pigo likiwa na nguvu kuliko lililotangulia, kisha inapanda nusu toni juu yake na kuteremka taratibu kama kitambaa kinachoanguka. Kipaza sauti hakuna. Okestra iko kati yako na watu. Ukiwa na kamasi kidogo tu, noti hiyo inaanza kukwaruza, na ukishaisikia ikikwaruza mara ya kwanza unaingoja ya pili kwa hofu. Aliyewahi kuimba kwaya na sauti imempwea anaijua hofu hiyo, ingawa yeye alikuwa na wenzake kumi wa kumfunika.

Na hiyo ni robo saa ya mwanzo. Lilli Lehmann, soprano wa Kijerumani wa kizazi kilichopita, alisema kuimba Brünnhilde wa opera zote tatu za Wagner ni nafuu kuliko Norma mmoja. Callas aliimba Norma mara nyingi kuliko jukumu lingine lolote. Aliingia nayo Chicago 1954, akaingia nayo Metropolitan 1956. Roma ilipomwita na Norma, ilimwita na kitambulisho chake.

Mwaka 1957 ulivyomwandalia

Jambo moja linasahaulika. Kufikia Januari 1958 magazeti yalikuwa yamekwisha iandika hadithi, yalikuwa yanangoja tarehe tu.

Agosti 1957 La Scala ilikwenda Edinburgh na opera ya La sonnambula. Mkataba wa Callas ulikuwa maonyesho manne. Uongozi ukatangaza la tano bila idhini yake. Aliimba yale manne, japo afya ilikuwa mbaya, kisha akaondoka kama mkataba ulivyosema. La Scala haikutoka hadharani kusema kwamba hakuwa na deni. Siku chache baadaye akaonekana Venice kwenye karamu ya Elsa Maxwell, mwandishi wa habari za matajiri, na picha zikafanya kazi yake. (Onyesho la tano la Edinburgh liliimbwa na kijana Renata Scotto, likamfungulia njia. Unaona tena.) Halafu aliomba San Francisco wamsogezee tarehe kwa sababu ya afya. Wakamfuta kabisa.

Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Lilikuwa linasemwa kwamba Callas anawakimbia watu. Bado tu lije.

Siku sita za Roma

Alifika Roma baada ya Krismasi. Tayari mambo hayakuwa mazuri jukwaani: Fedora Barbieri, aliyepangwa kuimba Adalgisa, yule kuhani mdogo, aliugua, nafasi yake ikachukuliwa na Miriam Pirazzini. Kwa hiyo jumba lilikuwa na uwezo wa kupata mbadala. Kwa Adalgisa lilipata.

Tarehe 31 Desemba Callas aliimba Casta Diva kwenye televisheni. Usiku huo alikwenda na mumewe, Giovanni Battista Meneghini, kuukaribisha mwaka mpya mjini, na wapiga picha walikuwapo. Tarehe 1 Januari aliamka sauti imekauka.

Hapa ndipo pa kusimama na kuangalia kwa karibu. Zilikuwa zimebaki saa zaidi ya 24. Callas aliwajulisha viongozi wa jumba kwamba hali si nzuri na kwamba wamwandae mtu wa kukaa tayari. Jibu alilopewa limeandikwa mara nyingi: hakuna anayeweza kuwa mbadala wa Callas.

Nimelisoma jibu hilo mara nyingi na bado linanikera. Linavyosikika ni sifa, lakini lilivyofanya kazi lilikuwa kamba. Mgonjwa anaomba nafuu, anapewa pongezi. Ukimwambia mtu hana mfano, umemwondolea haki ya kuugua. Na bila shaka upande wa pili wa jibu hilo palikuwa na hesabu: tiketi zimeuzwa kwa jina lake, Rais amealikwa kwa jina lake, redio imejiandaa kwa jina lake. Kuweka mtu wa akiba ni kukiri mbele ya umati kwamba huenda jina hilo lisiimbe.

Tarehe 2 wakamtibu, ikaonekana ana nafuu, akaamua kuimba. Akapanda. Sehemu hiyo ya kwanza ilirekodiwa na ipo mpaka leo. Si sauti ya mtu aliyekufa koo, lakini ni sauti inayojilinda. Kutoka madaraja ya juu ukumbini zilianza kutoka kelele. Inasimuliwa kwamba mmoja alipaza sauti kumwambia arudi Milano. Sehemu ya kwanza ilipokwisha alirudi chumbani, na sauti ilikuwa imekwisha. Walimzunguka kumbembeleza aendelee hivyohivyo. Kwa Norma hilo haliwezekani. Sehemu ya pili nayo ina noti za juu, ina wito wa vita, ina kifo. Huwezi kuipita kwa ujanja.

Aliondoka kwa njia ya chini ya ardhi inayounganisha jumba hilo na Hoteli Quirinale, huku nje watu wakiwa wamekusanyika. Walikwenda kupiga kelele chini ya madirisha ya hoteli.

Kesho yake

Madaktari walithibitisha ugonjwa: mkamba na uvimbe kwenye bomba la hewa. Mke wa Rais alimpigia simu Callas kumwambia wanajua kwamba alikuwa mgonjwa kweli. Ila simu hiyo ilibaki kuwa simu. Hakuna neno lililotoka Ikulu kwenda kwenye magazeti, na neno moja tu la Gronchi lingetosha kuzima nusu ya moto.

Magazeti yaliendelea. Mfano ninaoukumbuka kuliko yote ni wa filamu fupi ya habari, zile zilizokuwa zikionyeshwa kwenye majumba ya sinema kabla ya picha kuanza. Walichukua picha za Callas za mwaka 1955, akiimba akiwa mzima, wakaziweka kana kwamba ni za mazoezi ya Roma. Sauti ya msimulizi ikasema huyu hapa mazoezini, afya tele. Kisha ikaongeza mzaha: ukitaka kumsikia Callas usijisumbue kuvaa suti, nenda mazoezini, huko huwa anakaa mpaka mwisho. Watu wakacheka gizani. Nani angejua kwamba picha ni za miaka mitatu nyuma?

Jumba la Opera halikumruhusu kuimba maonyesho yaliyobaki, hata baada ya kupona. Jambo likafika bungeni. Callas akalishtaki jumba.

Na mbadala je? Yule ambaye hakuwezekana kupatikana kwa saa 24 alipatikana kwa siku mbili. Anita Cerquetti, Mwitalia mwenye umri wa miaka 26, alikuwa akiimba Norma hiyohiyo katika jumba la San Carlo, Naples, mwendo wa saa chache kutoka Roma. Tarehe 4 Januari alipanda jukwaa la Roma na kushangiliwa. Akawa anakwenda na kurudi kati ya miji hiyo miwili akiimba Norma kote kote. Sifa zilimiminika. Mwaka 1961 aliacha kuimba, hajafika hata miaka 31. Sababu zake za kuacha si kazi yangu kuzihukumu, lakini kila mtu anapomsifu kwa Januari ile huwa nazifikiria zile safari.

Lawama igawanywe vipi

Callas ana lake. Alianza onyesho ambalo huenda hakupaswa kulianza. Mwimbaji akisema mchana siimbi, watu wanarudi nyumbani na hasira ya kawaida. Akiacha katikati mbele ya mkuu wa nchi, hasira inakuwa ya taifa. Alikuwa na uzoefu wa kutosha kuijua tofauti hiyo. Nadhani aliteleza kwa sababu ileile iliyomfanya akubali Elvira kwa siku sita: maisha yote aliambiwa ataweza, na maisha yote aliweza. Kuna pia methali ya mgema, akisifiwa tembo hulitia maji, na wapo walioitumia fikra hiyo dhidi yake, kwamba sifa zilimlevya akawadharau wanunuzi. Haimfai. Mgema anayepunja tembo anajua anachofanya. Huyu alisema mapema kwamba mtungi unavuja.

Suala la usiku wa mwaka mpya ni dogo kuliko lilivyokuzwa. Aliimba kwenye televisheni jioni ileile, katika majira ya baridi, katikati ya siku za mazoezi. Ukitafuta kilichomchosha, hayo yanatosha kabla hujafika kwenye glasi.

Lililo zito ni la uongozi. Walikuwa na taarifa, walikuwa na muda, walikuwa na mwimbaji aliyelijua jukumu hilo mji wa jirani, na walikuwa na mfano wa siku hizohizo, wa Adalgisa, kuwaonyesha kwamba mtu akiugua anabadilishwa. Wakaona heri kubahatisha. Bahati ilipowatupa, gharama ikaandikwa kwenye jina la mwanamke mmoja.

Wapo wanaosema hata angekuwepo mbadala, watu wangezomea vilevile, kwa kuwa walimlipia Callas. Ni kweli wangezomea. Lakini wangezomea kwa dakika tano, kisha wangekaa na kusikiliza. Opera ingefika mwisho wake, Rais angepiga makofi, na asubuhi kichwa cha habari kingekuwa jina la msichana mpya. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Venice mwaka 1949, na jina la msichana mpya lilikuwa Callas.

Yaliyofuata

Aprili 1958 alirudi La Scala na Anna Bolena, opera ya malkia anayehukumiwa kifo. Polisi walikuwapo kulinda usalama. Ilipofika pale malkia anapowageukia mahakimu na kuuliza kama kweli wanamhukumu yeye, Callas alikwenda mbele ya jukwaa na kuwaimbia watazamaji maneno hayo usoni. Walimshangilia. Mwezi uliofuata aligombana na uongozi wa jumba hilo na kuondoka. Novemba mwaka huohuo Rudolf Bing, mkuu wa Metropolitan, akavunja mkataba wake kwa sababu ya mvutano wa ratiba. Ndani ya mwaka mmoja milango mitatu mikubwa ilikuwa imefungwa, na sauti nayo, baada ya kuimba kila kitu tangu utotoni, ilikuwa imeanza kuchoka.

Norma ilimwangusha tena, safari hii Paris. Usiku wa tarehe 29 Mei 1965 nguvu zilimwishia, sehemu ya mwisho haikuimbwa. Hapakuwa na bunge wala umati chini ya madirisha. Julai ya mwaka huo alipaswa kuimba Tosca mara nne London. Madaktari wakamzuia, akachagua usiku mmoja tu, na usiku aliouchagua ndio ule ambao Malkia Elizabeth alikuwa amealikwa. Sijui kama aliifikiria Roma alipochagua, ila siku hiyo, tarehe 5 Julai 1965, alifika mpaka mwisho, na hakuimba opera nzima tena maishani.

Kesi ya Roma ilichukua miaka 13. Mahakama iliposema neno lake la mwisho, ililiona Jumba la Opera lina hatia kwa kukataa kuweka mwimbaji wa akiba. Mwaka huo, 1971, Callas alikuwa New York, mji aliozaliwa, katika chuo cha Juilliard, akifundisha waimbaji vijana mbele ya watu. Walisimama kando ya piano wakaimba, mmoja baada ya mwingine, naye akawasikiliza kama alivyowasikiliza wanafunzi wa de Hidalgo Athens, kutoka saa nne asubuhi.